Tuko Pamoja Kwenye Maombi

TANGAZO

Wanakamati wote mnakumbushwa kuwa kikao cha mwisho cha maandalizi ya sherehe ya kumuaga binti yetu Nuruana Elisante Nkuwi kitafanyika Jumapili baada ya ibada, nyumbani kwa mwenyekiti, Mzee Ghumpi. Ambao hawajamalizia ahadi zao wafike nazo mkononi.

Vinywaji vitakuwepo.


1.

Na walifika. Hata waliokuwa na mafua walifika. Wewe unayesoma, kama umewahi kukaa kwenye kamati ya sherehe hapa Singida au popote penye Mtanzania na kadi ya mchango, unajua kwamba sentensi ile ya mwisho ndiyo iliyowaleta. Usijifanye hujui.


2.

Mama wa binti anaitwa Damari. Anauza vitenge soko kuu. Sare nyingi ulizoziona kwenye sherehe za mji huu zilitoka kwenye meza yake, na mara nyingi yeye mwenyewe alikuwa ndani ya sare hiyo, mstari wa mbele, akipiga vigelegele kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine.

Hakuwahi kufungua akaunti benki. Fedha ikiingia, inatoka kwenda kwenye kadi ya mtu. Ubatizo wa huyu, kipaimara cha yule, harusi ya mtoto wa jirani wa shemeji yake na fulani. Mumewe, Elisante, dereva wa halmashauri, mtu mpole asiyejua kubisha, alimwambia siku moja mvua ikivuja sebuleni:

"Mama Nuru, si tungeezeka kwanza?"

"Bati litakubeba ukianguka?" Damari akamjibu. "Watu ndio watakubeba. Mimi naweka akiba kwa watu."

Elisante akaenda kutafuta ndoo.


3.

YAH: MADAI YA KIINUA MGONGO

Ndugu mstaafu, rejea somo tajwa hapo juu. Unaarifiwa kuwa madai yako yamepokelewa na yanashughulikiwa. Unaombwa kuwa mvumilivu wakati taratibu nyingine zinaendelea. Aidha, kadi yako ya bima ya afya imefikia ukomo sambamba na ukomo wa ajira yako.

Tunakutakia maisha mema ya ustaafu.


4.

Mwaka uleule wa kustaafu, Elisante alianguka. Moyo. Daktari wa Dodoma alichora kwenye karatasi mlango mdogo usiofunga sawasawa na akasema unatengenezeka. Ila kabla ya mgonjwa kuingia chumba cha upasuaji, hospitali ilitaka milioni nne mezani. Zilizobaki wangeelewana.

Damari hakulia. Alifungua simu, akaunda kundi la wasapu, akaliita MATIBABU YA MZEE NKUWI, akawaingiza watu wake wote. Akiba yake yote, kama alivyoiita. Halafu akakaa kwenye benchi la hospitali akingoja.


5.

Pole sana mama Nuru. Tuko pamoja kwenye maombi.

Mungu ni mwema atafanya njia

Mwezi huu ada za watoto zimenibana, tusameheane dada yangu

Amina

Mbona hamkuanzia hospitali ya mkoa?

Tuko pamoja kwenye maombi

Tuko pamoja

Mama Sima, mweka hazina wa kila kamati, jirani wa ukuta mmoja, hakuandika neno. Aliweka picha ya mikono miwili iliyofumbatwa.

Kisha simu ikaanza kuonyesha maandishi mengine, yale madogo ya kijivu katikati ya kioo:

Baba Hosea ameondoka

Katibu Kwaya ameondoka

Mama Wiki ameondoka

                    ameondoka

                              ameondoka


6.

Mzee Ghumpi hakuondoka. Tumpe haki yake. Mzee Ghumpi alikuja hadi Dodoma kwa nauli yake, akakaa na Damari kwenye benchi, akamweleza ukweli kama mtu mzima kwa mtu mzima.

"Mama Nuru, usiwachukie watu. Hospitali ni shimo. Mtu anatia, hajui kama atasikia hata mlio. Leo tukichanga nne, kesho watasema nne nyingine, kesho kutwa mgonjwa mwenyewe... Mungu apishie mbali. Lakini sherehe ina siku yake. Inaanza, inaisha, na mtu anajua alichokula."

"Mzee, wewe nilikuchangia watoto watano."

"Ndiyo. Na wote watano ulikula."

Alisema kwa upole. Hilo ndilo lililomuuma Damari kuliko yote, kwamba alisema kwa upole, na kwamba kabla ya kuondoka aliacha noti ya elfu kumi chini ya chupa ya maji, akaishikiza vizuri isipeperuke.


7.




8.

Msibani walichanga.

Usishangae, msibani watu wanachanga. Rambirambi ilijaa ndoo. Jeneza lilikuwa la mninga, lenye vishikio vya shaba, na Mama Sima alihakikisha wali unatosha kwa siku zote za matanga. Mtu mmoja aliyeshiba alimshika Damari bega akamwambia, "Dada, ndiyo dunia. Pesa si kila kitu." Damari alimtazama mdomoni, kwenye punje ya wali iliyonata kwenye sharubu, akasema ahsante.

Hapo ndipo alipoanza kuwachukia. Watu wanadhani chuki huja kama moto. Ya Damari ilikuja kama njaa, taratibu, na kila alipotaka kuisahau iliguguna palepale.


9.

Kuna jambo hawakulijua. Siku zile za benchi, kundi lilipobaki na watu wa kuhesabu kwa vidole, Damari alipeleka hati ya nyumba kwa mkopeshaji. Fedha ilipatikana. Ilipofika hospitali, Elisante alikuwa ameshakwenda. Ikaishia kwenye vitanda, dawa, na gari la kumrudisha nyumbani. Deni likabaki, likazaa, wajukuu wa deni wakaanza kutembea.

Fundi mmoja alikuja kupima ua na futi ya kamba. Alipoulizwa ametumwa na nani, alisema ametumwa na mwenye nyumba.

Damari, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake na kanga yake mwenyewe, akamkaribisha maji.


10.

Nuruana ni mwalimu Mpwapwa. Alirudi likizo na mwanaume anayeitwa Obadia, mrefu, mwenye aibu, aliyeshika kofia mkononi muda wote kama anayeomba kazi. Posa ilishapokelewa na baba mdogo. Harusi ingefanyika kwao Mpwapwa. Upande wa binti ulibaki na lile la kwao, sherehe ya kumuaga, sendofu kama wanavyoiita.

"Mama, tufanye kidogo tu," Nuruana alisema. "Chai na andazi, watu wa nyumbani. Baba hata mwaka hajamaliza vizuri."

"Tutafanya kubwa."

"Na nini?"

"Na watu," mama yake akasema. "Watu si tunao?"

Akafungua simu, akaunda kundi. SENDOFU YA NURU. Akawaingiza walewale, jina kwa jina, hata waliotoroka. Kabla chai haijapoa:

Vigelegeleeee

Binti yetu jamani!! Weka wawili, laki

Mimi na familia laki mbili naanza na hamsini sasa hivi

Sare rangi gani mama Nuru??

Picha kutoka kwa Mama Sima: mikono miwili, ikipiga makofi.


11.

MUHTASARI WA KIKAO CHA TATU

Yatokanayo: Mweka hazina alitoa taarifa kuwa makusanyo yamevuka lengo. Wajumbe walipiga makofi.

Ukumbi, mapambo, muziki na MC: vimelipwa.

Vinywaji: vimelipwa. Mjumbe mmoja aliomba viongezwe. Ilikubaliwa.

Chakula: Mama wa binti aliomba kamati imwachie kifungu cha chakula asimamie mwenyewe, kwa kuwa ana wapishi wake wa kuaminika na ni heshima ya mama kulisha wageni wa mwanaye. Mwenyekiti alimpongeza. Alikabidhiwa fedha taslimu milioni sita na laki nane.

Mengineyo: Mjumbe aliuliza kama kutakuwa na ndafu. Mama wa binti alijibu kuwa kila mmoja atapata anachostahili. Wajumbe walicheka.

Kikao kilifungwa kwa sala.


12.

Alitoka kwenye kikao hicho akaenda moja kwa moja kwa mkopeshaji. Akalipa. Akachukua hati yake, akaikunja ndani ya kitenge, akarudi nyumbani akakaa sebuleni peke yake.

Sasa tuseme ukweli, maana hapa ndipo wahubiri hudanganya. Damari aliona raha. Nyumba ilikuwa yake. Akatazama bati lililotoboka akaliona zuri. Akagusa ukuta. Mwili mzima ukalegea, akagundua kwamba tangu benchi la Dodoma hakuwahi kushusha mabega. Anayekwambia pesa haileti furaha, muulize analala kwenye nyumba ya nani.

Lakini raha ile iliishia kwenye mabega. Ndani zaidi, pale pa njaa, palibaki vilevile. Hapo palitaka kitu kingine, na alishakipanga.


13.

Mchana wa siku yenyewe, Nuruana yupo saluni anasukwa. Mama yake amekaa stuli ya pembeni, mkoba mapajani. Msusi anaitikia redio.

"Mama, chakula ni nini leo? Obadia ananiuliza, shangazi yake hali nyama nyekundu."

"Wakwe watakula vizuri. Pilau ya kuku nimepika kwa mkono wangu."

"Wakwe. Na wengine?"

"Wengine wameshaagiza."

Nuruana akageuza kichwa, msusi akamrudisha. Kwenye kioo macho ya mama na mtoto yakakutana.

"Mama. Umefanya nini?"

"Kaa vizuri usukwe."

"Wiki ijayo naolewa kwa watu hawa. Wakiona aibu leo, wakaondoka na mtoto wao, mimi nitakwenda wapi? Baba alishakufa, mama. Mimi sijafa."

Msusi akapunguza redio. Damari akatazama mikono yake. Angeweza kusimama pale, akakopa, akatafuta masufuria, muda ulikuwepo. Alilifikiria hilo kwa dhati, na usimwone hana moyo.

Kisha akaona akilini ile chupa ya maji ya Dodoma na noti ya elfu kumi chini yake.

"Mtenda akitendewa hulia kaonewa," alisema. "Leo nataka niwasikie wakilia."


14.

MC:

Mabibi na mabwana, wangapi wana furaha? Sijasikiaaa! Binti ametuonyesha mume, mmemwona? Kijana kanyooka, jamani, Mpwapwa wanakula nini? Sasa. Wale wakwe zetu meza za mbele wahudumu wanawafikia. Na meza nyingine zote, mama wa binti amefanya kitu tofauti leo, kila meza ina hotpoti zake, zimefunikwa, zinawasubiri. Msisukumane. Kwa heshima na taadhima, Mzee Ghumpi, fungua ya kwako, tufungue wote. Moja... mbili...


15.

Karatasi.


16.

Kadi ngumu, nyeupe, za mwaliko kabisa, kila moja ina jina la mtu. Chini ya jina, maneno yake mwenyewe, herufi kwa herufi, kama alivyoyaandika au kuyatamka wakati Elisante yuko kitandani.

BABA HOSEA. Mwezi huu ada za watoto zimenibana, tusameheane dada yangu.

MAMA WIKI. Mungu ni mwema atafanya njia.

KATIBU KWAYA. Amina.

Kadi ya Mama Sima haikuwa na neno. Damari alichora kwa kalamu mikono miwili iliyofumbatwa, akaitia na kucha.

Ya Mzee Ghumpi ilikuwa ndefu. Ilianza: Hospitali ni shimo. Ikaishia: Na wote watano ulikula.

Ukumbi wote, meza kwa meza, sare ya kijani na dhahabu aliyowauzia mwenyewe, wameinamia hotpoti wakisoma. Damari alisimama kando ya meza kuu, mikono kifuani. Hiyo ndiyo picha aliyoitaka usiku na mchana kwa mwaka mzima, na sasa ilikuwa mbele yake, na alikuwa anaila kwa macho.


17.

(Yaliyosikika)

"Hii ni fumbo au ni michezo ya MC?"

"Soma ya kwako basi."

"Siisomi."

"Nilichanga laki, jamani. Laki."

"Mbona mimi kweli nilikuwa na ada?"

"Weka simu chini, unapiga picha ya nini?"

Shangazi wa Obadia, meza ya mbele, paja la kuku mkononi, akimnong'oneza jirani: "Hawa wa kwao mbona wanakula makaratasi? Ndiyo mila zao?"


18.

Obadia aliacha kijiko. Mjomba wake akaacha cha kwake. Wakwe hao walikuwa watu wenye adabu, na mtu mwenye adabu hawezi kula mbele ya aliyekosa. Mjomba akajifuta mdomo, akaanza kukusanya funguo za gari.

Nuruana, kwenye kiti kilichopambwa maua, hakulia. Alikaa wima kama aliyesimamishwa mbele ya darasa, akamtazama mama yake, akatikisa kichwa mara moja.

Ndipo Mzee Ghumpi aliposimama.

Damari akajiandaa. Alikuwa na majibu ya kila tusi. Alikuwa na majibu hata ya polisi.

"Jamani," Mzee Ghumpi alisema, na kadi yake ameshaitia mfukoni. "Tumesoma. Mwenye kuelewa ameelewa. Lakini binti asiaibike mbele ya wakwe. MC, piga muziki. Mama Sima, lete sinia."


19.

Hivi ndivyo ilivyokuwa, na kama hujawahi kuona hutaamini.

Muziki ukapigwa. Mama Sima akaweka sinia katikati, akatoa ya kwanza mwenyewe, akicheza. Baba Hosea akafuata, kiuno kizito, noti juu hewani. Mama Wiki akatoa iliyokuwa kwenye sidiria. Kwaya nzima ikaja kwa mstari. Waliokosa taslimu wakatuma kwa simu na MC akawa anataja majina, nao wakatajwa wakashangilia. Mtu akatumwa mbio kwenda stendi, kwa wachoma kuku, akaambiwa asibague, achukue wote waliopo majikoni na waliopo matengani.

Mjomba wa Obadia akacheka. Akarudisha funguo mfukoni, akaingia kati, naye akaweka.

Wimbo ulikuwa bado haujaisha.

Mama Sima akahesabu akiwa amepiga magoti, akasimama, akachukua kipaza sauti, akatangaza akihema, uso unang'aa kwa jasho na fahari:

"Milioni nne! Na ushee!"

Vigelegele.


20.

Nne.


21.

Kuku wakaja kwenye mabeseni, wa kienyeji, wa moto, wamefunikwa kwa magazeti, pilipili na ndimu pembeni. Watu wakala kwa mikono, sare zikaingia mafuta, na ikawa, bila ubishi, sherehe nzuri kuliko zote zilizowahi kufanyika kwenye ukumbi ule. Walifurahi. Walifurahi kweli, kwa furaha safi ya mtu aliyemwokoa mwenzake kwenye aibu. Damari alipita katikati yao akitafuta uso mmoja wenye haya. Walimshika mkono. Walimvuta. Mtu akamwambia, "Mama Nuru, yamekwisha hayo, kula."

Alimkuta Mzee Ghumpi na bawa.

"Mzee."

"Mama. Kaa. Tumemaliza salama, usijisikie vibaya. Mtu akiwa na uchungu hufanya mambo."

"Mzee, hii ingetosha."

Mzee Ghumpi akaendelea kutafuna, akimtazama kwa macho yake ya upole, akijitahidi kwa moyo mmoja kumwelewa.

"Ingetosha nini, mama?"


22.

Damari alisubiri. Alidhani mzee atakumbuka. Mzee akatoa mfupa mdomoni, akauweka vizuri juu ya kadi nyeupe ya mwenzake iliyoachwa mezani mbele yake, akangoja kujibiwa.

Hakukumbuka.


23.

MC:

Na sasa, kabla hatujafungua dansi, yule aliyetuunganisha wote leo, mama mzazi! Mpeni nafasi apite. Mama, una neno kwa hadhara hii?


24.

Kipaza sauti kilikuwa cha moto kwa mikono ya wengine na kilinukia kuku. Mbele yake watu mia tatu wenye vidole vya mafuta, wameshiba, wanampenda. Meza ya kwanza wakwe wamegeuza viti wamwone vizuri. Obadia ameshika mkono wa Nuruana juu ya meza, kila mtu auone. Na Nuruana, midomo yake bila sauti, anasema kitu kimoja, anakirudia, tafadhali, mama, tafadhali.

Sasa Damari alijua namba, ileile ya hospitali. Alijua muda wake pia, ulikuwa urefu wa wimbo. Angeweza kuwaambia. Maneno manne au matano tu yangetosha, na hakuna kuku ambaye angebaki tumboni, na huenda mjomba angetoa funguo tena. Angeweza vilevile kusema ahsanteni, akaketi, akala, na mtoto akaolewa, na Elisante akabaki pale walipomwacha.

Nyumba ilikuwa yake. Alijaribu kulishika hilo.

"Ndugu zangu," alisema Damari.

Na ukumbi mzima ukanyamaza ili umsikilize